Kwa nini kitabu cha kiwavi mwenye njaa kimetobolewa matundu?

Ukikishika kitabu cha watoto kiitwacho The Very Hungry Caterpillar, kisa cha kiwavi asiyeshiba, kidole chako kitakutana na tundu kabla jicho halijasoma neno. Matundu hayo hayakuchorwa. Karatasi yenyewe imetobolewa: tundu moja kwenye tufaha la Jumatatu, mawili kwenye peasi za Jumanne, na kuendelea hadi matano kwenye machungwa ya Ijumaa. Kitabu kilitoka mwaka 1969. Aliyekiandika ndiye aliyekichora, Mmarekani Eric Carle, na kimeshauzwa zaidi ya nakala milioni 50 na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya 60. Je, wajua matundu hayo yalitoka wapi, na kwa nini nusura yazuie kitabu kisichapishwe?

Yalianzia kwenye panchi, kile kidude cha ofisini cha kutobolea karatasi kabla ya kuziweka kwenye faili. Siku moja Carle alikuwa anatoboa rundo la karatasi. Akalitazama tundu lililopenya rundo zima, akamwaza mdudu anayekula vitabu. Akatunga kisa cha mnyoo aitwaye Willi ambaye anakula wiki nzima, akampelekea mhariri wake, Ann Beneduce. Mhariri aliyapenda matundu lakini mnyoo hakumvutia. Akauliza, vipi tukiweka kiwavi? Carle akadakia palepale: kipepeo! Kwa maoni yangu hapo ndipo kitabu kilipozaliwa hasa. Mnyoo akishiba anabaki mnyoo mnene, lakini kiwavi akishiba bado ana safari mbele yake, na kisa kinapata mwisho ambao mtoto hakuutarajia.

Hebu tazama kurasa zile kwa karibu. Hazilingani upana. Ya Jumatatu ni nyembamba, ya Jumanne imeizidi kidogo, ya Jumatano imezidi tena, hivyo kitabu kikiwa wazi unaona matunda ya siku zote tano yamejipanga ngazi kwa ngazi: tufaha, peasi, plamu, stroberi, machungwa. Mtoto wa miaka miwili hajui maana ya tatu wala nne, lakini anaona kwa macho kwamba kesho ni kubwa kuliko leo. Anachomeka kidole kwenye tundu, na kidole kinageuka kiwavi. Anafunua ukurasa, anakikuta kidole chake kimetokeza upande wa pili. Anahesabu kwa mkono kabla hajaanza kuhesabu kwa mdomo. Maneno ya kitabu kizima hayafiki 250, lakini ndani yake zimo siku za wiki, namba, majina ya vyakula na mabadiliko ya mdudu, na mtoto hahisi kwamba anafundishwa.

Jumamosi kiwavi anapoteza kiasi kabisa. Anapita kwenye keki ya chokoleti, aiskrimu, tango la siki, jibini, salami, pipi ya kijiti, pai, soseji, keki ndogo na kipande cha tikiti maji, na usiku tumbo linamuuma. Jumapili anakula jani moja bichi na kupata nafuu. Hakuna mtu anayemkaripia. Naupenda sana uamuzi huo wa mwandishi, kwa sababu vitabu vingi vya watoto visingekubali kuipita nafasi ya kutoa onyo.

Basi kuhusu uchapaji. Kitabu cha kawaida huchapwa kwenye karatasi kubwa zenye kurasa nyingi pamoja, zikakunjwa, zikashonwa au kugundishwa, kisha kingo zote zikakatwa kwa mkupuo mmoja. Kitabu hiki kinavunja karibu kila hatua ya utaratibu huo. Kurasa zenye upana tofauti haziwezi kukatwa pamoja. Matundu yanahitaji kinu chenye visu vilivyofinyangwa kwa umbo la duara, na kila tundu lazima liangukie katikati ya tunda, mbele na nyuma, kwa sababu tundu la upande huu ndilo hilohilo la upande wa pili. Karatasi ikisogea milimita chache tu, kiwavi ameikosa stroberi. Kwa hesabu za Marekani za wakati ule, kazi hiyo ilikuwa ghali mno kwa kitabu cha mtoto, na Beneduce hakupata mchapaji wa kuifanya kwa bei inayobebeka.

Suluhisho lilipatikana Japani. Beneduce alikuwa na uhusiano mzuri na wachapishaji wa huko, na Hiroshi Imamura wa kampuni ya Kaisei-sha alikiona kitabu, akakipenda, akasaidia kichapwe nchini kwake. Hivyo kitabu kinachohesabiwa kuwa cha Kimarekani kabisa kilichapwa kwa mara ya kwanza Japani. Jina la Imamura hutajwa mara chache, nami naona anastahili sifa sawa na mhariri. Bila yeye tungekuwa na duara jeusi lililochorwa tu, na mtoto angelikwaruza kwa kucha bila kupata kitu.

Lakini kwa nini mtu mzima atamani kitabu ambacho mtoto anaweza kukiingiza vidole? Hapa inabidi turudi kwenye maisha ya Carle mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1929 mjini Syracuse, jimbo la New York, kwa wazazi Wajerumani. Darasa lake la kwanza huko alilikumbuka maisha yake yote: chumba chenye jua, karatasi kubwa, brashi nene, rangi tele. Mwaka 1935 mama yake alizidiwa na hamu ya kwao, familia ikahamia Stuttgart, Ujerumani. Shule mpya ilikuwa na karatasi ndogo, penseli ngumu, rula, na mwalimu aliyechapa viganja vya mikono kwa fimbo. Mtoto wa miaka sita alitoka kwenye brashi akaangukia kwenye fimbo. Alipokuwa mtu mzima Carle alieleza mara nyingi kwamba kutoka nyumbani kwenda shule ni mshtuko mkubwa kwa mtoto, na kwamba vitabu vyake vilikusudiwa kuupunguza. Nyumbani kuna vitu vya kuchezea na kushikwa, shuleni kuna vitabu. Yeye akatengeneza kitu kinachosimama katikati, kitabu kinachochezewa.

Wadudu aliwapata kwa baba yake. Baba alikuwa akimchukua kutembea porini, akigeuza mawe na kubandua maganda ya miti ili kumwonyesha viumbe vidogo vinavyoishi chini yake, kisha anarudisha jiwe mahali pake taratibu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza baba aliingizwa jeshini, akatekwa na Wasovieti, na hakurudi hadi mwishoni mwa 1947, akiwa amekonda vibaya. Eric naye, akiwa na miaka 15, alipelekwa kuchimba mahandaki. Kiwavi, buibui, nyenje na kimulimuli wa vitabu vyake wote wanatoka katika matembezi yale ya kabla ya vita.

Na rangi je? Carle alisimulia kwamba Ujerumani ya vita haikuwa na rangi. Majengo yalipakwa kijivu, kahawia na kijani kilichofifia ili ndege za adui zisiyaone. Sanaa ya kisasa ilipigwa marufuku, na utawala wa Nazi ukaiita sanaa potofu. Mwalimu wake wa kuchora, Fridolin Krauss, alimwita nyumbani kwake kwa siri na kumwonyesha nakala za picha za wachoraji waliokatazwa, miongoni mwao Franz Marc, aliyechora farasi wa buluu. Mwalimu alikuwa anahatarisha maisha yake ili kijana mmoja aone farasi wa rangi asiyokuwa nayo farasi yeyote. Mwaka 2011, Carle akiwa na miaka zaidi ya 80, alitoa kitabu cha mchoraji anayechora farasi wa buluu, na ndani yake akamtaja Marc.

Alirudi New York mwaka 1952 akiwa na dola 40 mfukoni, akafanya kazi ya usanifu wa picha katika gazeti la The New York Times, kisha kwenye kampuni ya matangazo. Ilikuwa kambakochi mwekundu aliyemtengeneza kwa ajili ya tangazo ndiye aliyemvutia mwalimu na mwandishi Bill Martin Jr, akamwomba achore kitabu chake cha dubu wa kahawia kilichotoka mwaka 1967. Miaka miwili baadaye akaja kiwavi.

Picha zake hakuzichora kwa namna tuliyoizoea. Alichukua karatasi nyepesi, zile laini zinazoonyesha mwanga, akazipaka rangi ya akriliki kwa brashi, vidole, sponji, hata vipande vya zulia, ili kila karatasi ipate mistari na madoa yake. Zikikauka anazihifadhi kwenye droo kwa rangi, droo ya kijani, droo ya njano. Akitaka kiwavi, anafungua droo ya kijani, anakata vipande vya duara refu kwa wembe na kuvigundisha kwenye ubao mmoja baada ya mwingine. Ndiyo maana mwili wa kiwavi hauna kijani kimoja. Kila pingili ina kivuli chake, na kichwa chekundu chenye macho ya kijani na njano kinaruka machoni kwenye ukurasa mweupe.

Wanasayansi wana hoja moja dhidi yake. Kiwavi wa kitabuni anajijengea nyumba, anakaa ndani zaidi ya wiki mbili, kisha anaitoboa na kutoka akiwa kipepeo. Kwa kawaida wanaosuka nyumba ya nyuzi namna hiyo ni nondo. Vipepeo walio wengi hukaa ndani ya ganda lao gumu lisilofunikwa na kitu. Mwalimu anayekitumia darasani aliseme hilo, litachukua dakika moja.

Baada ya kiwavi Carle hakuacha kuvichokoza vitabu. Mwaka 1984 alitoa kitabu cha buibui ambacho utando wake umeinuliwa juu ya karatasi, unakua ukurasa hadi ukurasa, na mtoto asiyeona anaweza kuufuata kwa ncha za vidole. Cha nyenje, cha mwaka 1990, kinalia ukifika ukurasa wa mwisho. Cha kimulimuli, cha mwaka 1995, kinawaka taa. Mwaka 2002 yeye na mkewe Barbara walifungua makumbusho ya sanaa ya vitabu vya picha mjini Amherst, Massachusetts, yenye pia chumba cha kukata na kubandika. Alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 91.

Kama una mtoto nyumbani, zile karatasi laini zinazokuja ndani ya boksi la viatu vipya zinafaa kabisa kwa kuiga mbinu hiyo ya Carle ya kupaka rangi na kukata. Mpe rangi ya maji na sponji ya kuoshea vyombo, azipake bila kumwambia achore nini. Zianike hadi zikauke kabisa, la sivyo zitachanika chini ya mkasi. Kukata maumbo kuje siku ya pili.