Papa wa Headington: kabla hujasema "iondolewe"

Sanamu ikizua ubishi mtaani, malalamiko mawili huchanganywa: "ni hatari" na "siipendi". La kwanza hupimwa na mhandisi. La pili halina kipimo, na ndiyo maana watu hulivisha vazi la la kwanza.

Asubuhi ya 9 Agosti 1986, wakazi wa New High Street, mtaa wa Headington mjini Oxford, Uingereza, walikuta sanamu ya samaki papa ya mita 7.6 imezama kichwa chini kwenye paa la nyumba ya kawaida. Mwenye nyumba, Bill Heine, na mchongaji John Buckley walilenga kupinga silaha na nguvu za nyuklia: ilikuwa miaka 41 kamili tangu bomu la Nagasaki, na miezi michache tu baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl. Kibali cha ujenzi hakikuombwa.

Baraza la Jiji lilianza na usalama. Ukaguzi ukaonyesha mihimili ya chuma iliyomshika papa ni imara, hivyo likahamia kwenye kibali, hata likapendekeza ahamishiwe bwawa la kuogelea la umma. Rufaa ya Heine ilifika serikali kuu, na mwaka 1992 papa akaruhusiwa kubaki. Mkaguzi wa serikali aliyeshughulikia rufaa alikiri kwamba papa haendani na mtaa, ila hakuundwa aendane nao. Kuhusu hofu kwamba wengine wangeiga, miaka mitano ilikuwa imepita bila papa wa pili. Tunaiona hoja hiyo kuwa nzito kuliko zote, maana inategemea kilichotokea, si kinachohofiwa.

Swali la usalama nalo lisidharauliwe. Papa yule ana uzito wa kilo 200 hivi, ambao si mkubwa. Adui ni upepo. Kasi yake ikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne: kwa kilomita 72 kwa saa ni takriban kilo 25 kwa kila mita ya mraba inayoukabili, kwa 144 ni kilo 100. Kosa kubwa ni kufunga sanamu kwenye vigae au kenchi peke yake. Mzigo lazima ushuke kwa mihimili hadi kwenye kuta zinazobeba nyumba, na mhandisi wa miundo akague kabla ya kupandisha, si baada.

Faiba, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo ambayo papa huyo ameundwa kwayo, haiozi, lakini jua hula tabaka lake la juu hadi likatoa unga mkononi. Nyufa hufuata, maji hupenya, na chuma cha ndani kikishika kutu hufura na kuipasua faiba kutoka ndani. Gonga sanamu taratibu kila mwaka kabla ya mvua. Panapotoa mlio mzito usiofanana na pengine, tabaka zimeachana. Kaza bolti, kisha panda darini utazame pale sanamu inapotoboa paa. Doa la maji kwenye mbao huonekana hapo kwanza.