Tope la Winam si tope la mikoko

Wanafunzi wanaohamia Kisumu kutoka Mombasa huja na kanuni moja: ukitaka metali nzito, kama risasi na zinki, zitulie, usilitibue tope, usiliingize hewa. Pwani ni kweli. Maji ya bahari yana salfeti tele, takriban gramu 2.7 kwa lita, na ndani ya tope la mikoko lisilofikiwa na oksijeni, bakteria huigeuza kuwa salfidi. Ndiyo ile harufu ya yai viza. Salfidi huzikamata risasi, kadimiamu, zinki na shaba. Tope hilo likichimbwa na kuanikwa hewani, metali hurudi majini.

Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Victoria ulioko Kisumu, ina maji yasiyo na chumvi, salfeti yake ni kidogo mno. Hapa wakamataji wakuu ni oksidi za chuma na manganizi, pamoja na mboji na udongo mfinyanzi. Pasua donge la tope mahali penye hewa ya kutosha uone: tabaka jembamba la juu lina rangi ya kutu, chini yake ni jeusi. Kutu hiyo ndiyo inayoshika. Oksijeni ikiisha, chuma chake huyeyuka na kuziachilia metali zilizojishikiza. Kwa hiyo zulia la magugumaji lililotanda juu ya maji yaliyotuama hunitia hofu kuliko jembe linalotibua tope. Tena mizizi ya gugumaji hufyonza metali. Likifa na kuzama, huzirudisha palepale huku likila oksijeni iliyobaki.

Kupima maji peke yake hakutoshi, na nitalisema hilo kila nitakapoulizwa. Mvua ikinyesha, zinki ya matairi na shaba ya breki husombwa kutoka barabarani hadi Mto Kisat, kisha ziwani. Baada ya siku chache maji huonekana safi. Mzigo umeshatua chini.

Ndiyo maana tunapima tope. Tunalichota kwa kijiko cha plastiki, sehemu ya katikati tu, isiyogusa chuma cha kifaa kilicholitoa majini. Tunachekecha kwa chujio la maikromita 63, kisha tunalinganisha metali na alumini, inayoonyesha kiasi cha udongo wa asili. Bila hivyo, udongo unaoletwa na Mto Nyando, wenye metali zake za asili, utatufanya tuvilaumu viwanda bure, au tuviachie.

Na samaki? Risasi na kadimiamu hukaa zaidi kwenye ini, figo na mifupa. Zebaki ndiyo hupenda mnofu. Wengi hupima ngege na mbuta. Mimi ningeanza na kamongo, anayejichimbia topeni na kula konokono wa humo humo.