Santo António de Tanna haikubeba dhahabu

Kazi yangu ni kutembeza wageni Fort Jesus, Mombasa, na hakuna kundi linalokosa mtu wa kuuliza dhahabu ya Santo António de Tanna, meli ya vita ya Ureno iliyozama hapa, ilipelekwa wapi. Wengine hata hawaulizi, wanaeleza: Wazungu walikuja kupiga mbizi mwaka 1977, wakapakia masanduku usiku, wakaenda zao. Hadithi hii inaniudhi kwa sababu inafunika kisa chenyewe, ambacho kina uzito kuliko dhahabu yoyote.

Machi 1696 Waomani waliizingira ngome, iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwa ndani kuliko risasi. Santo António, manowari ya mizinga 42, ilikuja na msafara kutoka Goa, koloni la Ureno huko India, kuwaokoa. Sasa niambie, watu wasio na chakula wapelekewe dhahabu wakaifanyie nini? Walichohitaji ni askari, chakula na baruti, na ndicho meli za msafara ule zilichotumwa kuleta. Mwaka 1697 Santo António ilikuwa imetia nanga karibu na ngome, amari zake, yaani kamba za nanga, zikakatika, ikachukuliwa na maji mpaka ikapanda mwamba na kung'oka usukani. Waliinasua, lakini ilikuwa imeumia vibaya, na Oktoba ikazama mbele ya ngome. Haikutoweka ghafla kwenye kilindi. Ilizama chini ya macho ya wenyewe, baada ya kupata nafasi ya kushusha vitu.

Na waliochimba hawakuja kuiba. Kazi ya 1977 hadi 1980 ilifanywa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na Taasisi ya Akiolojia ya Majini, chini ya Robin Piercy. Walitoa maelfu ya vitu: vyombo vya Kichina, mitungi ya kuhifadhia vyakula, silaha, nakshi za mbao. Sehemu yake imo humu humu ngomeni, na tiketi uliyokata mlangoni inatosha kukuonyesha. Wanaozungumzia masanduku mara nyingi ndio wanaopita chumba cha vitu hivyo bila kusimama.

Wengine husema ilijengwa Ureno. Hapana. Iliundwa Bassein, India, mwaka 1681, kwa mbao za msaji, na ubora wa mbao hizo ni sababu mojawapo ya kusalia kwa umbo lake la chini. Ilikuwa ya Ureno kwa bendera, ya India kwa ufundi.

Wengine wanadhani ilipozama tu, ngome ikaanguka. Ilishikilia zaidi ya mwaka mwingine, hadi Desemba 1698.

Halafu kuna wanaotaka ivutwe juu iwekwe kwenye uwanja wa makumbusho. Mbao iliyolowa karne tatu, ikiachwa ikauke yenyewe, hupinda, hupasuka na kusinyaa. Kuitibu huchukua miaka na fedha nyingi. Ndiyo maana mwili wa meli ulipimwa, ukachorwa, ukafukiwa tena chini ya mchanga.

Kwa wapiga mbizi na wavuvi wetu: ukikuta mbao nzee au chungu kwenye nyavu, usikivunje wala kukipeleka sokoni. Weka alama ya mahali, uwaambie makumbusho. Sheria ya Kenya ya 2006 inaihesabu meli iliyozama zaidi ya miaka 50 kuwa kumbukumbu ya kihistoria, hata kama haina sarafu moja.