Sauti ya herufi: maana yake katika kufundisha kusoma na kuandika

Sauti ya herufi ni ule mlio ambao herufi inautoa ndani ya neno. Jina la herufi ni kitu kingine: hilo ni la kuitajia tu. Herufi m wengi tumezoea kuiita "me", na waliosoma kwa Kiingereza huiita "em". Lakini ndani ya neno mama hakuna "me" wala "em". Kuna midomo iliyofumbwa na mlio unaopita puani, mmm, kisha a. Mtoto aliyefundishwa majina peke yake, ukimwandikia meza ubaoni, atasoma "me, e, ze, a", halafu atakutazama akisubiri umwambie hilo ni neno gani. Herufi zote anazijua, ila hajapewa sauti za kuunganisha.

Kufundisha kwa sauti ni kumpa hizo. Anasikia mmm, anaona m, anaitamka huku kidole kikiwa juu yake, kisha anaikutanisha na irabu: mmm, aaa, ma. Katika kuandika anarudi kinyume. Anasikia neno, analivunja sauti kwa sauti, na kila sauti anaitafutia herufi yake. Ndiyo maana stadi hizi mbili hufundishwa pamoja, na ndiyo maana mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza Tanzania mwaka 2015 uliweka mkazo kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, badala ya kuwabebesha watoto masomo mengi wangali hawajui kusoma.

Kabla ya herufi yoyote sikio linapaswa kuzoezwa. Mwalimu anauliza: kati ya kuku, kiti na sahani, neno gani linaanza kwa sauti tofauti? Ukiondoa k ya mwanzo kwenye kaka, kinabaki nini? Hapa hakuna kitabu wala chaki, na mzazi anaweza kuyafanya haya jikoni akichambua mboga. Mtoto asiyesikia kwamba neno lina vipande hataona faida ya alama zinazosimamia vipande hivyo.

Kiswahili kinamrahisishia mtoto kazi. Irabu zetu ni tano, na kila moja ina sauti ileile popote iandikwapo. Kiingereza kina sauti zaidi ya 40 na herufi 26, kwa hiyo herufi moja hulazimika kubeba sauti kadhaa. Shida huja pale mtoto anapojifunza lugha zote mbili kwa wakati mmoja, kama ilivyo Kenya na katika shule za Tanzania zinazofundisha kwa Kiingereza. Jina la Kiingereza la e linasikika kama i yetu, na jina la i linasikika kama "ai". Mtoto anaandika meti akimaanisha miti, na anaadhibiwa kwa uzembe ambao si wake. Mwalimu anayetaja sauti badala ya majina anamwepusha na mkanganyiko huo kwa sehemu kubwa.

Kuna wanaosema kwamba sisi tuna silabi, ba be bi bo bu, na imetutosha miaka yote. Silabi ni nzuri kweli, na kwa Kiswahili huwezi kuikwepa. Sauti kama b, k na t hazivutiki kama mmm au sss. Ukijaribu kuzitamka peke yake unajikuta umeongeza irabu, hivyo ni busara kuziambatanisha na irabu mapema. Ninachokipinga ni wimbo. Darasa zima linaimba ba be bi bo bu, macho yako dirishani, na mwalimu anaamini wanasoma. Andika bo, bu, ba, uonyeshe kwa kijiti bila mpangilio, umwite mtoto mmoja mmoja. Au mpe neno lisilo na maana, kama nube au lomi, ambalo hakuna aliyewahi kulikariri. Akilisoma, anasoma kweli.

Mahali jedwali la silabi linapokwama ni kwenye m na n. Wapigishe watoto makofi: mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi, na mbwa ni mawili pia, m-bwa. Katika mbuzi m imeshikana na b, katika mbwa imesimama peke yake na ndiyo inayobeba mkazo. Mtoto ambaye hajafundishwa jambo hili huandika buzi, au muzi, au goma badala ya ngoma. Vilevile ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma: kile kialama cha juu ni sehemu ya herufi yenyewe, na kinastahili kipindi chake. Haya yasubiri mpaka silabi nyepesi zikae sawasawa. Mwalimu anayekimbilia mbwa katika wiki za mwanzo anawapoteza nusu ya watoto.

Imla, ikitumika vizuri, ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Soma maneno machache tu, kisha usihesabu alama za vyema na za makosa pekee. Angalia kosa ni la namna gani. Anayeandika kura kwa kula huenda nyumbani kwao r na l hazitofautishwi, hivyo arudishwe kwenye kusikiliza na kutamka kwanza. Anayeandika apa kwa hapa anaandika anavyosema. Anayegeuza b kuwa d anaisikia sauti vizuri, tatizo lake ni umbo, na dawa yake ni kuifuata herufi kwa kidole mchangani au hewani huku akitamka. Anayeandika herufi zisizohusiana kabisa na neno hajaelewa kwamba herufi husimamia sauti, na huyo anahitaji kuanzishwa upya, kwa upole, kwa maneno kama mama, baba na kaka. Makosa manne, sababu nne, na alama zao za vyema pengine zinalingana.