Makadirio ya Awali ya Ujenzi si Bei ya Mkataba

Malalamiko ya wanaojenga nyumba za kuishi yanafanana mno: fedha inaisha jengo likiwa kwenye lenta (boriti ya juu ya milango na madirisha), na lawama zinamwendea mtaalamu aliyetaja gharama mwanzoni. Tukiomba karatasi ya makadirio, mara nyingi haipo. Yalikuwa mazungumzo ya simu.

Kabla ramani haijakamilika, mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kukokotoa gharama za ujenzi, huzidisha eneo la sakafu kwa gharama ya mita ya mraba ya nyumba inayofanana iliyojengwa karibuni. Tuchukulie nyumba ya mita 12 kwa 10 na Sh 700,000 kwa mita ya mraba: ni milioni 84. Katika hatua hiyo, tofauti ya asilimia 25 juu au chini si ajabu, yaani kuanzia milioni 63 hadi 105. Mwananchi husikia 84 tu.

Umbo nalo lina gharama yake. Nyumba ya mita 20 kwa 6 ina eneo lilelile la mita za mraba 120, lakini mzunguko wa kuta zake za nje ni mita 52 badala ya 44. Kwa ukuta wa mita 3 kwenda juu, umeongeza mita za mraba 24, ambazo ni tofali za inchi 6 zipatazo 240 usipotoa madirisha, na bado hujahesabu msingi, lenta na plasta. Ndiyo maana ramani ya kuazima kwa jirani haiji na gharama za jirani, hasa kiwanja chako kikiwa cha mteremko au cha udongo wa mfinyanzi.

Wapo pia wanaoficha bajeti wakihofia mtaalamu ataimaliza yote. Mbunifu majengo asiyejua kikomo chako hawezi kuchora nyumba inayokitosha, na kupunguza chumba kwenye karatasi ni rahisi kuliko kukibomoa.

Dai makadirio ya maandishi yenye tarehe, eneo lililopimwa, gharama ya mita ya mraba iliyotumika, akiba ya dharura, na orodha ya visivyohesabiwa: uzio, karo la maji taka, kuunganisha umeme na maji, ada za kibali. Yawe na saini, muhuri na namba ya usajili wa mtaalamu. Yahuishwe michoro ikikamilika, kisha yahuishwe tena kabla ya kumwita mkandarasi.

Hakiki jina la mtaalamu huyo kwenye rejesta ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ya Tanzania kabla ya kulipa. Kujitangaza kuwa mbunifu majengo au mkadiriaji majenzi bila usajili ni kosa la jinai chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010. Mwenye lalamiko dhidi ya aliyesajiliwa aliwasilishe kwa Bodi kwa maandishi, akiambatanisha mkataba, makadirio, stakabadhi za malipo na mawasiliano yote. Lalamiko lisilo na vielelezo huchelewa, na mara nyingi hukwama.