Royal Yeomanry: kavalari ya akiba isiyo na farasi, dhana potofu na ukweli

Watu wakiona kwenye TV zile sherehe za kifalme London, farasi weusi na panga, wanajua kavalari (askari wa farasi) ya Waingereza ndo hiyo basi, na ukiwaambia kuna kavalari ya akiba wanakuona unaongelea klabu ya matajiri wa wikiendi. Kikosi kinachoonewa sana na mawazo haya ni Royal Yeomanry, kwa hiyo tuanze nao.

Dhana: wana farasi. Hawana. Rejimenti iliundwa 1967 kwa kuunganisha vikosi vya zamani vya yeomanry (askari wa farasi wa kujitolea) na toka mwanzo ilikuwa ya magari ya deraya, siku hizi wanatumia Jackal, gari la wazi juu lenye bunduki ya rashasha. Ila farasi hawakuisha zamani sana kama unavyodhani. Sherwood Rangers wa Nottinghamshire, ambao leo ni skwadroni ndani ya Royal Yeomanry, Vita vya Pili vilipoanza walipelekwa Palestina na farasi wao kabisa, alafu tarehe 6 Juni 1944 haohao wanashuka Gold Beach kule Normandy na vifaru vya Sherman vilivyozungushiwa turubai ili vielee baharini. Toka kwenye hatamu mpaka kwenye kifaru kinachoogelea ni kama miaka mitano tu!

Dhana: kazi yao ni kuvamia. Hapa ndo watu wanakosea zaidi, na nalaumu muvi. Kazi yao ni upelelezi, na askari wa upelelezi akianza kurushiana risasi maana yake mara nyingi ameshaonekana, na akishaonekana kazi imeharibika. Wanatangulia mbele ya jeshi kubwa, gari linafichwa bondeni, wawili wanatambaa mpaka kwenye ukingo wa kilima na darubini na redio, wanalala hapo masaa na masaa kwenye baridi wakiandika: magari mangapi, ya aina gani, yanaelekea wapi, saa ngapi. Au wanatumwa kuangalia daraja tu, upana wake, litabeba uzito gani, mto una kina gani kama daraja likilipuliwa, maana kamanda akipeleka vifaru vizito kwenye daraja la kubebea trekta hapo vita imeisha kabla haijaanza. Ile rashasha kwenye Jackal zaidi ni ya kuwatoa pale mambo yakiharibika. Sio kazi ya kupigia picha lakini bila hiyo jenerali anapigana gizani.

Dhana: wa akiba hawaendi vitani. Kwetu Tanzania ukisema jeshi la akiba mtu anawaza mgambo anakimbizana na machinga, sasa hawa wenzetu ni mwalimu, fundi umeme, mtu wa benki, anafanya mazoezi jioni na wikiendi, jumla kama siku 27 kwa mwaka pamoja na kambi ya wiki 2, na akiitwa anaenda. 2003 waliitwa wakaenda Iraq, tena sio kwa upelelezi wa kawaida, walienda kwa ajili ya kugundua silaha za kemikali. Na chanzo chenyewe cha yeomanry, 1794, kilikuwa hofu kwamba Wafaransa watavamia, na kweli 1797 Wafaransa walitua Fishguard huko Wales, yeomanry ya Castlemartin ikawa miongoni mwa waliotoka kuwakabili mpaka wakasalimu amri.

Wapo pia wanaoipenda kupita kiasi, wanakwambia yeomanry kazi yake siku zote ilikuwa kulinda nchi na maadui wa nje. Hapana. Tarehe 16 Agosti 1819 yeomanry ya Manchester na Salford (wengine hao, sio Royal Yeomanry) waliingia na farasi na panga katikati ya raia waliokuwa wanadai haki ya kupiga kura, watu kama 18 wakafa na mamia kujeruhiwa. Miaka mingi serikali iliwatumia kama polisi, na hilo wapenzi wao hawapendi kulitaja.

Na kwa wanaosema mambo haya hayajawahi kugusa huku, East African Mounted Rifles iliundwa Nairobi Agosti 1914, walowezi wa kujitolea, wengine na farasi zao wenyewe, Novemba wakawa Longido wanapigana na Wajerumani. Mbung'o walimaliza farasi, na askari wengi wakahamia vikosi vingine mpaka kikosi kikabaki jina tu.