Gia ndefu haishindi mbio

Hapa Bukavu, kila chumba cha michezo ya video nilichoingia kina kijana anayeamini kwamba gari lenye kasi ya juu kabisa ndilo bora. Akicheza Need for Speed: Underground 2, ule mchezo wa mbio za magari wa mwaka 2004, anafika kwenye marekebisho ya gia na kuzirefusha zote, yaani anapunguza uwiano wake ili gari lifike kasi kubwa zaidi. Kisha anashangaa kuachwa kila baada ya kona.

Tufanye hesabu. Injini izunguke mara 6,000 kwa dakika, gia ya juu iwe moja kwa moja (1 kwa 1), na tairi lisogee mita 2 kila mzunguko. Uwiano wa mwisho, yaani mizunguko inayotoka kwenye gia ili gurudumu lizunguke mara moja, ukiwa 3, gari linafika kilomita 240 kwa saa. Ukiwa 4, linaishia 180. Kijana anaona 240 na kuamua papo hapo. Asichokiona ni kwamba ule uwiano wa 4 unaongeza nguvu ya kuzungusha magurudumu kwa theluthi moja. Dereva wa lori lililosheheni anayepanda mlima wa Kadutu, hapa mjini, analijua hili vizuri: anashusha vitesi (gia), mwendo unapungua, lakini gari linapanda.

Barabara za mjini ndani ya mchezo zimejaa kona, na hiyo 240 huenda usiifikie hata mara moja. Fupisha uwiano, yaani ongeza namba yake, hadi gia ya mwisho ifike kikomo pale pale mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka. Mbio za barabara iliyonyooka tu (drag), kweli, zina hesabu yake, ila hata huko mwanzo wa nguvu una thamani kubwa.